Yaya Katika Ukurasa wa Tisa

Katika maktaba ninayofanyia kazi hapa Kilburn, London, kitabu cha watoto chenye Wahindi ndani yake unakijua kabla hujakifungua. Jalada lina rangi ya machungwa au ya waridi. Kuna tembo. Tembo huyo amevishwa kitambaa cha vishada, na kando yake kuna msichana mwenye macho makubwa na bangili hadi kwenye kiwiko. Ndani utakuta embe, harusi, taa za udongo, na bibi aliyevaa sari anayetabasamu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kuchoka mdomo.

Sina wa kumlaumu, kwa sababu niliviagiza mwenyewe. Msimamizi wangu, Mwingereza mpole ambaye huomba radhi hata kabla ya kukutuma, aliniambia nitafute vitabu vya watoto kuhusu watu wa Asia ya Kusini. Watoto wengi wanaokuja kwenye saa ya hadithi Jumamosi wana asili ya huko. Niliangalia orodha ya wauzaji, nikachagua vilivyokuwa na picha nzuri, na sanduku likaja.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Nimekua kati ya Wahindi, kwa maana kwamba wao walikuwa ng'ambo ya kaunta na sisi tulikuwa upande huu. Nilimjua mwenye duka la vitambaa, nikamjua mwenye duka la misumari na mabati, na fundi wa gereji mwenye kilemba, Kalasinga kama tulivyomwita. Wote tuliwaita Wahindi na tukamaliza. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja wao akiwa na tembo. Kama ni kugawana, tembo walikuwa wetu. Hata hivyo watoto walivipenda vile vitabu, nami nikawasomea.

Jumamosi moja, nilipokuwa nasoma kimoja, nilisikia mtu akiguna kwenye viti vya nyuma. Alikuwa mama wa Kihindi wa umri wa kupata miaka sabini, mwenye sweta la kijivu na viatu vya michezo, amekaa na mjukuu wake wa kike wa miaka saba. Aliguna kila tembo alipotokea. Tembo alitokea mara nyingi. Hadithi ilipokwisha alinijia mezani.

"Dada, hiyo kitabu nani amenunua?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Alikuwa amenisikia ukumbini nikiongea na mama yangu kwa simu, ndiyo maana alijua. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, cha haraka, kisichojali ngeli, na nilikifurahia kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani kwenye foleni ya basi. Nikamwambia ni mimi niliyekinunua.

"Basi ni wewe umeniletea shida," alisema, akavuta kiti.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Shuleni mwalimu alimwambia kila mtoto alete kitabu kinachoonyesha familia yake ilikotoka. Mjukuu aliazima kwetu kitabu cha tembo, akasimama mbele ya darasa, akasema bibi yake alizaliwa katika kijiji kama hicho na kwamba alikuwa akienda shule juu ya tembo. Alipewa kibandiko cha nyota.

"Mimi nimezaliwa Kisumu, juu ya duka ya baba," alisema. "India nimeenda mara mbili. Mara zote mbili nimeumwa na tumbo."

Hakumkasirikia mtoto. Alisema mtoto hakuwa na kingine cha kusema, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia kitu, na mwanawe wa kiume hataki kusikia mambo ya zamani. Kilichomuuma ni kwamba mtoto sasa alikuwa na bibi mwingine, na huyo wa kitabuni alikuwa mzuri zaidi. "Mimi nikifa," alisema, "huyu atamkumbuka bibi ya tembo."

"Andika chako, anti," nilimwambia, nusu utani. Hapa London kila mwanamke wa Kihindi aliyenizidi umri ni anti, nami nimeuzoea mtindo huo. Nilimweleza kwamba tunaruhusu wazazi kuleta vitabu walivyovitengeneza wenyewe. Tunavisoma Jumamosi, tunavibandika namba, tunaviweka rafuni watu waazime kama vitabu vingine. Nilidhani atacheka na kwenda zake. Jumanne iliyofuata alikuja na daftari la kuchorea na kalamu za rangi kumi na mbili.

Tukawa tunakaa kila Jumanne alasiri kwenye meza iliyo karibu na bomba la kupasha joto. Yeye anachora na kunisimulia kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza kwenye kompyuta, kwa sababu mjukuu hujibu kila kitu kwa Kiingereza, hata bibi yake anapomsemesha Kigujarati. Anti alichora vizuri kuliko nilivyotarajia. Alichora duka lenye majora ya vitambaa hadi darini. Alichora fundi wa cherehani aliyekaa barazani, na paa la nyumba ambapo mama yake alianika papadi na achari. Alichora siku ile wadudu wa ziwani walipoingia dirishani kwa maelfu na kujaa kwenye unga uliokandwa, ukatupwa wote, wakalala na mkate wa dukani.

"Weka na kiboko," nilimchokoza. "Si ziwa lina viboko?"

"Kiboko hapana. Watasema nimeenda shule na kiboko."

Nilianza kuzingoja Jumanne. Nilikuwa hata namletea biskuti, ingawa sheria za maktaba haziruhusu, na mimi ndiye ninayewakataza wengine.

Ukurasa wa tisa ulikuwa wa yaya. Alimchora mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa, ameketi mezani katikati ya familia, baba upande huu, mama upande ule, watoto wamemwegemea. Mkononi ameshika kikombe cha kaure chenye maua ya waridi, na chini yake kuna kisahani.

Hapo lazima niseme habari za mama yangu. Mama yangu alikuwa yaya wa Wahindi kule Nakuru kwa miaka kumi na minne. Alilala huko huko, katika chumba cha uani, na nyumbani alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mimi nililelewa na nyanya yangu. Nilipokuwa na miaka tisa nyanya aliugua, nikatumwa kumwita mama, na hiyo ndiyo mara pekee niliyofika kwenye nyumba ile. Nilisimama kwenye mlango wa nyuma. Nje, kando ya mlango, kulikuwa na kikombe cha bati cha samawati kilichobanduka mdomoni, kimetundikwa kwenye msumari peke yake. Nilijua ni cha mama bila kuambiwa. Vikombe vya wenye nyumba niliviona kwa ndani, vimepangwa kabatini.

"Anti," nilisema, "yaya alikuwa anakunywa chai kwa kikombe hicho?"

"Alikuwa anakunywa chai."

"Kwa kikombe hicho?"

Aliendelea kupaka rangi maua. "Dada, hii ni kitabu ya watoto."

"Watoto ndio watakaoamini."

Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira simung'unyi maneno. Nilimweleza habari za msumari na kikombe cha bati. Nilimwambia kwamba yule tembo na hiki kikombe ni mamoja, vyote vimepambwa ili mtu apendeze, na kwamba hana haki ya kulalamikia cha kwanza akichora cha pili. Alizifunga kalamu zake moja moja, akazirudisha kwenye kijaluba kwa mpangilio wa rangi, akaondoka bila kuaga.

Jumanne iliyofuata hakuja. Nikajiambia ni heri. Ya pili alikuja, akafungua daftari, na ukurasa wa tisa ulikuwa mpya. Yaya amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kikombe cha bati cheupe. Familia iko mezani, mbali kidogo.

"Yetu ilikuwa nyeupe," alisema. "Ilikuwa inakaa chini ya sinki. Mama alikuwa anasema ni usafi. Mimi nilijua siyo usafi, kwa sababu chapati si alikuwa anapika yeye."

Mtu mwenye busara angeshukuru na kuishia hapo. Mimi nikishapata upenyo huupanua. Nilimuuliza yaya huyo alikuwa akienda wapi siku ya mapumziko. Nilimuuliza kama alikuwa na watoto.

Anti aliweka kalamu chini, akafikiri. Kwa miaka kumi na moja mwanamke yule alimwogesha, akamsuka, akamlaza, akamfundisha Kiswahili hiki hiki alichokuwa akinisemesha. "Sijui," alisema hatimaye. "Sikumuuliza."

"Andika hivyo."

"Niandike hivyo mbele ya huyu mtoto?"

"Si ulitaka akujue?"

Aliishika tena kalamu, akaniambia niandike. Niliandika kwa Kiingereza chepesi, sentensi tatu: kwamba yaya alikuwa na kikombe chake peke yake, kwamba aliwalea watoto wote wa nyumba ile, na kwamba hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na watoto wake, hata anti mwenyewe. Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilihisi nimemlipia mama yangu kisasi kidogo, chenye picha za rangi.

Anti alikisoma kitabu chake Jumamosi. Alivaa koti zuri, akakaa kwenye kiti changu, na watoto kumi na kitu wakaketi kwenye zulia. Mjukuu alikaa mbele kabisa, na kila ukurasa ulipofunguliwa aligeuka kuangalia kama wenzake wanaona. Kwenye wadudu wa ziwani walipiga kelele za kinyaa, na yeye akawaambia kwa fahari kwamba ni kweli, ni bibi yake huyu. Nilimwona anti akinyooka mgongo. Kilichokuwa kikimkosesha raha tangu siku ya kwanza kilikuwa kikiondoka mbele ya macho yangu.

Kisha akafika ukurasa wa tisa, akausoma kama ulivyoandikwa.

"Kwa nini hukumuuliza?" mjukuu alisema kwa Kiingereza. Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

"Sijui, mwanangu."

"Lakini alikuwa na wewe kila siku."

"Ndiyo."

"Hata mara moja?"

Anti akafungua ukurasa wa kumi na kuendelea kusoma, sauti imepungua. Mjukuu hakugeuka tena kuwaangalia wenzake. Walipoondoka nilisimama dirishani. Kwa kawaida hushikana mikono hadi kituo cha basi. Siku hiyo mtoto alitangulia, mikono mfukoni, na bibi akamfuata nyuma na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Furaha yangu ilipungua, lakini nilijiambia kwamba ukweli ndivyo ulivyo.

Jumapili nilimpigia mama Nakuru. Nilimsimulia yote tangu mwanzo, kama mtu anayempelekea mzazi zawadi.

"Ulimfanyia mtu mzima hivyo mbele ya watoto?" aliuliza.

"Ni kweli, mama. Hakumuuliza."

"Wewe umejuaje?"

"Amesema mwenyewe."

"Alikuwa mtoto. Atakumbuka nini." Nilimsikia akipunguza redio. "Wangu aliniuliza. Yule msichana wao. Kila Jumapili nikivaa viatu ananiuliza, unaenda kuona mtoto wako? Namwambia mimi sina mtoto."

Nilimwomba arudie. Alirudia kwa sauti ile ile, kama anayeniambia bei ya vitunguu.

"Walitaka mtu hana mtoto. Mwenye mtoto ataomba ruhusa kila saa. Ningesema nini, na wewe ulikuwa na miezi mitano?"

"Na baadaye? Nilipokuwa mkubwa?"

"Baadaye nilikuwa nimeshasema. Hata ile siku ulikuja kuniita, niliwaambia wewe ni wa dada yangu."

Nina miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa jikoni kwangu, katika fleti ninayolipia mwenyewe, na niliumia kama mtoto aliyefungiwa nje. Nilitaka kumkasirikia mama, nikashindwa pa kuanzia. Nikamfikiria anti. Nilimlazimisha asimame mbele ya mjukuu wake na kukiri kosa ambalo huenda hakulifanya. Huenda aliuliza akiwa mdogo, akajibiwa kama yule msichana wa Nakuru alivyojibiwa, na akasahau kama watoto wanavyosahau. Mimi, binti wa yaya, ndiye niliyepaswa kulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote katika maktaba ile, na ndiye ambaye sikulijua.

Jumanne alikuja, na mjukuu alikuwa naye, kwa sababu hakukuwa na mtu nyumbani wa kukaa naye baada ya shule. Mtoto aliketi mwisho wa meza na kazi zake za hesabu. Kati yao kulikuwa na viti viwili vitupu. Anti hakufungua kijaluba. Alisema amekuja kuniambia nisikibandike namba kile kitabu, anakichukua.

"Ngoja kwanza, anti," nilisema.

Nikamweleza kwa Kiswahili alichoniambia mama, chote, hata lile la mtoto wa dada. Nikamwambia nimemkosea. Nilimwambia kwamba nilitaka kuiona aibu yake kwa ajili ya mama yangu, na mama yangu mwenyewe hakuitaka. Alinisikiliza akiwa amelikumbatia daftari. Nilidhani ananikasirikia, na nilikuwa tayari kukasirikiwa.

"Gauni yake ilikuwa inalowa," alisema.

"Gauni gani?"

"Ya yaya. Hapa." Aliweka viganja viwili juu ya sweta, kifuani. "Mimi nilikuwa kama miaka sita, yaya ameanza kazi juzi tu. Kaka yangu mdogo alikuwa mchanga. Kaka akilia tu, gauni ya yaya inalowa. Mama anamwambia, nenda badilisha. Kila siku. Mimi nilidhani ni maji ya kufua."

Alikuwa akiitazama meza.

"Mama yangu alizaa watoto watano," alisema. "Mama alijua."

Mjukuu aliinua kichwa, akauliza kwa Kiingereza tunaongea nini. Nilitegemea anti atamwambia hakuna kitu, maliza hesabu zako. Alimwambia. Alimweleza kwa Kiingereza kifupi bila kupamba: yaya alikuwa na mtoto mchanga nyumbani kwake, maziwa yalikuwa yakimtoka mwilini kila mtoto wa nyumba ile alipolia, mama yake anti aliyaona akanyamaza, na anti mwenyewe aliyaona asielewe. Kisha akanionyesha kwa kidole. Huyu dada, alisema, alikuwa mtoto wa namna hiyo, mama yake alikuwa kazini.

Mtoto aliniangalia kwa makini, kuanzia nywele hadi kwenye kitambulisho changu cha kazi.

"Sasa wewe ulikunywa nini?" aliniuliza.

"Uji," nilisema. "Wa wimbi. Nyanya yangu alinipikia."

Alifikiri. Aliteremka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kilichogusana na cha bibi yake. Akalichukua daftari kutoka mikononi mwake na kulifungua ukurasa wa tisa. Alitafuta mahali palipobaki wazi, chini, upande wa mlango. Kisha akamwomba bibi kalamu, akaniuliza uji wa wimbi una rangi gani.